Nyumba ya Paa la Buluu Ng'ambo ya Maji

Kisa hiki kimekuwa kama pipi ya mtoto, kila apitaye anataka alambe. Si mlikuwapo wenyewe? Kisimulieni basi. Hamtaki, mnataka kibibi ndiye aanze upya na mgongo wake huu, ninyi mkae mkichekacheka. Haya, ila msinidakie maneno. Mnalijua lile benchi pana la mbao mbele ya kinyozi, pale sokoni kisiwani Gyodong. Ndipo kijiwe kilipo. Mbele yake hupita watalii waliovuka daraja, wakaonyesha vitambulisho kwa askari, wakala tambi, wakapanda kilima kuchungulia Korea Kaskazini kwa darubini, wakashusha pumzi, wakateremka, wakanunua figili na kwenda zao. Maji yaliyo katikati si mengi. Waya wa miiba ndio mwingi. Siku hiyo mavuno ya mpunga yalikuwa yamekwisha, baridi inaanza kuuma vidole, na pale kijiweni walikaa wanne walewale, wamechoka kwa uchovu uleule wa jana, wanangoja maji ya kahawa yachemke.

Wa kwanza Bi Pilipili. Jina lake la kuzaliwa ni Jeom-rye, lakini kutwa anakata vikonyo vya pilipili kavu kwa mkasi, na mdomo wake nao unawasha, kwa hiyo jina lilimkaa. Wa pili Mzee Wembe, kinyozi mwenyewe, ambaye wateja wake wengi wamekwisha kuhamia makaburini. Hawa wawili walizaliwa ng'ambo. Waliletwa kwa mashua wakati wa vita, wadogo bado, wakaambiwa ni kwa siku tatu tu, mizinga ikinyamaza watarudi. Siku tatu hizo zinaendelea. Wa tatu Jemadari, aliyewahi kuwa askari wa majini na husimulia kana kwamba aliilinda pwani nzima peke yake. Ukimchimba sana utagundua alikuwa akipika wali. Wa nne Dong-pal, wanayemwita Darubini, kijana wao, kwa kuwa ana sabini tu. Yeye ni mzaliwa wa kisiwani, makaburi ya baba na mama yake yako nyuma ya kilima. Kijiji kimemkabidhi ile darubini ya watalii: afute vioo, afukuze watoto wanaoning'inia.

Darubini ndiye mdogo, basi yeye ndiye wa kukoroga kahawa. Alizichana pakiti, akamimina maji, akampa kila mtu kikombe cha karatasi kwa mikono miwili.

— Dada, karibu kahawa.

— Weka hapo. — Bi Pilipili hakuinua macho. — Binti yangu kapiga simu tena leo, kutoka Incheon.

— Wimbo ni uleule? — Wembe aliuliza.

— Uleule. "Mama, keshokutwa ni tisa ya mwezi wa tisa. Mwaka huu bibi tumuwekee meza."

Kwao, mtu asiyejua siku aliyokufa mzazi wake humwekea meza ya wafu tarehe hiyo, tisa ya mwezi wa tisa kwa kuhesabu mwezi mwandamo. Mwaka mzima ana siku hiyo moja ya kula.

— Na wewe ukamjibu nini?

— Kama mwaka jana. Kwetu ng'ambo moshi unatoka jikoni, nguo zimeanikwa, nimeona kwa darubini. Maana yake mdogo wangu yupo, yule niliyemwacha mgongoni mwa mama. Mama akiwa amekufa, mwenye kuweka meza ni mtoto wa kiume, nyumbani kwao. Mimi nikimwekea nyingine huku, ataila ipi? Nimkate vipande?

— Mama yako angekuwa na mia na ushee sasa, — Wembe alisema taratibu.

— Najua kuhesabu, kaka. Sijasema yu hai. Nimesema anako kwa kulia chakula.

Jemadari akakohoa kile kikohozi chake cha kuanzia hotuba.

— Ng'ambo hawaweki meza. Imekatazwa.

— Nani kakwambia?

— Sisi wa jeshini tunajua mambo.

— Wewe wa jeshini ulijua chumvi tu, na hiyo pia ulizidisha.

— Cheka, dada, cheka. Halafu ule moshi unaousema si moshi wa jikoni. Wanachoma majani mabichi. Zile nyumba zote ni ubao uliopakwa rangi upande mmoja, nyuma hamna kitu. Watalii wetu wakichungulia waseme, lo, kumbe wenzetu wanaishi vizuri.

— Na ng'ombe je, wale wa shambani? — Wembe alimchokoza.

— Wa mbao. Wana magurudumu. Asubuhi askari anawavuta kwa kamba kwenda kushoto, jioni anawarudisha kulia. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinahusiana nini na ng'ombe?

— Ng'ombe mmoja leo, mwingine kesho. Mwisho ni zizi.

— Acha fiksi, bwana wee. Mwaka jana mimi nilimpungia mkono yule mwanamke wa kwetu, na yeye akanipungia. Ubao unapunga?

— Alikuwa anafukuza nzi.

— Nzi gani wa baridi ile? Alinipungia. Na mimi nitawaambia jambo ambalo hamjawahi kulifikiria. — Wembe akasogeza kikombe pembeni ili apate nafasi ya mikono. — Wale nao wana darubini.

— Ya kuangalia nini?

— Sisi! Wana kilima chao, wana benchi lao, na basi la watalii linakuja kila siku. Wanaambiwa: haya, sogeeni kwa zamu, mwoneni yule kibibi mwenye mkasi. Si kibibi wa kweli huyo. Kawekwa pale na serikali yake.

— Analipwa kwa kikonyo, — Jemadari alidakia.

— Basi waambieni walete mshahara, umechelewa, — Bi Pilipili alisema.

— Na huenda, — Jemadari akaendelea, kashapata moto, — huenda kuna mzee mmoja ng'ambo kule, kila siku anapanda kilima, anakuchungulia wewe, dada, halafu anafuta machozi na kumwambia mwenzake, unamwona yule? Ni shangazi yangu.

Hapo hakucheka mtu. Bi Pilipili alikata kikonyo akakirusha mbali kuliko vile vingine. Darubini, ambaye kwa kawaida hulipenda sana gumzo la namna hii, alikuwa ameinamia birika kana kwamba limemwita kwa jina.

Ndipo akaja yule mtalii, mama wa mji wa Daegu. Kofia nyekundu, viatu vya kupandia mlima vipya kabisa, ingawa kilima chenyewe mbuzi mjamzito anakipanda bila kuhema. Aliinama kwa adabu.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani kuwakatiza. Mwenye ile nyumba ya paa la buluu ni nani kati yenu? Kijana aliyetutembeza kule juu katuambia mwenyewe hukaa kwenye benchi hili. Nilitaka kumwamkia tu.

— Ni mimi, — alisema Bi Pilipili.

— Ni mimi, — alisema Wembe.

Walisema pamoja, kama waimbaji wa kanisani. Mama wa Daegu akatabasamu.

— Aa, kumbe ninyi ni ndugu.

— Ndugu na huyu? — Bi Pilipili aliguna. — Kwetu ni upande wa Baekcheon. Kwao ni Yeonan, kwa mkokoteni wa ng'ombe ni safari ya kufunga chakula.

— Ni nyumba mbili tofauti, mwanangu, — Wembe alimweleza mgeni kwa upole. — Mapaa ya buluu ni mengi ng'ambo. Ya kwetu ina kibanda cha bata ubavuni.

Mkasi wa Bi Pilipili ulisimama.

— Kibanda kimelalia kushoto?

— Kimelalia. Na uzio umebomoka pale konani.

— Wameuziba kwa mlango mbovu.

— Mlango wa kijani, — alisema Wembe, na sauti yake ikawa inarudi nyuma.

— Una tundu la kitasa, kitasa hakipo.

Walitazamana. Miaka yote waliyokaa benchi moja, hawakuwahi kuulizana habari za kwao kitu kwa kitu. Jambo hilo halifanywi kijiweni. Kila mtu na kidonda chake, humfunulii mwenzako bandeji akiwa anakunywa kahawa.

— Basi ulikuwa unaangalia kwetu, — Wembe alisema.

— Wewe ndiye ulikuwa unaangalia kwetu. Mimi Dong-pal ananiwekea sawa kila nikipanda. Si ndivyo, Dong-pal? Mimi unanielekezea kwetu, huyu unamwelekezea kwao.

Yule mama wa Daegu, maskini, akataka kusaidia.

— Lakini bibi, ile darubini haigeuki. Mimi nilijaribu, mume wangu naye akajaribu, ametoka jasho. Imekazwa kwa nati. Inaangalia pale tu. — Akawatazama kwa zamu. — Sasa bibi, nyumba ya kwenu ni ipi?

Swali lenyewe hilo, hata mtoto wa chekechea angeuliza. Wembe aliangalia viatu vyake. Jemadari alifungua kinywa akitafuta methali, hakuiona, akakifunga. Mgeni akahisi amekanyaga kitu. Akainama tena, akanunua figili nyingi kuliko alizohitaji, akaondoka haraka.

— We Dong-pal, — Bi Pilipili aliita.

— Dada, maji yamechemka, niongeze...

— Yaache yachemke. Sema.

Akasema. Kwamba zamani ilikuwa inageuka. Watoto wakaizungusha kama gurudumu. Watu wazima wakaielekeza kwenye kituo cha askari wetu wenyewe, askari wakaja juu. Watalii wakawa wanaona matope na bata mwitu, wanalalamika wamesafirishwa kutoka mbali kuja kuona tope. Basi siku moja akachukua spana, akatafuta mahali penye watu, akaikaza hapo.

— Ile ndiyo nyumba pekee yenye kuonekana vizuri, dada. Wanafua, wanapika, wana bata. Watalii wakaipenda. Halafu ukaja wewe, ukatazama, ukalia. Ukaniuliza, Dong-pal, hii si kwetu? Nikasema ndiyo, dada. Ningesemaje?

— Ungesema sijui.

— Ulikuwa unalia.

— Na huyu?

— Kaka Wembe alikuja wiki ile ile. Naye akalia.

— Na kile kitambaa je? — Bi Pilipili aliuliza. Kila alipopanda kilima, Dong-pal alimtangulia, akaifunika darubini kwa kitambaa, akainama, akaguna, akajikunja kama mtu anayezungusha jiwe la kusagia, kisha akasema: tayari dada, nimekuwekea sawa, usiiguse.

— Nilikuwa nafuta kioo.

— Ulikuwa unaguna kwa kufuta kioo?

— Na mimi nimekunyoa bure miaka yote! — Wembe akapata sauti. — Kwa kunionyesha nyumba ya Pilipili!

— Si ya Pilipili pia, — Jemadari alisema.

— Nyamaza, mpishi.

Bi Pilipili hakuwa anawasikia. Alikuwa amefika mahali pengine kwa mawazo, na mahali penyewe palikuwa pabaya. Kama nyumba si yao, basi na moshi si wao. Zile nguo si za mdogo wake. Mdogo wake anaweza kuwa alikufa mgongoni mle mle, baridi ile ile ya vita. Basi nani alimwekea mama meza? Tangu alipokufa, na alikufa lini, Mungu ndiye ajuaye, mama yake amekuwa akipita na bakuli mkononi, mlango hadi mlango, kama mwanamke asiyezaa. Na yeye, binti yake, amekaa hapa, maji tu yamewatenganisha, anakunywa kahawa ya sukari na kumkatalia mjukuu kwenye simu.

— Kila sikukuu nilikuletea keki za mchele, — alisema.

— Ndiyo, dada. Ahsante.

— Sikukuomba ahsante. Zile za ufuta, zile za maharage. Nilikuletea kwa kuwa umenionyesha kwetu. Ulizila?

— Nilizila.

— Basi umekula chakula cha mama yangu.

Dong-pal akaweka birika chini. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, lakini masikio yalimwiva mekundu.

— Nilidhani nakufurahisha, dada.

— Ulinifurahisha. Mama naye, nani alimfurahisha?

Jemadari ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Ndiyo dunia, — alisema. — Wahenga walisema, asiyekuwa na mwana aeleke jiwe.

Wembe alimpiga kiwiko. Kila mtu kisiwani anajua Bi Pilipili alizaa mabinti watupu, na mkwe mmoja ni mlokole, hainamii wafu, mwingine yuko melini. Meza ya mama inataka mwanamume wa kumimina pombe. Lakini Bi Pilipili aligeuka akamtazama Jemadari kwa mara ya kwanza siku ile bila dharau.

— Miaka yote hii unatupa methali kama mawe gizani, — alisema. — Leo umepata. Ila mimi sina haja ya jiwe. Nina Dong-pal.

— Mimi? — Dong-pal alishtuka. — Dada, mimi nina wazazi wangu wa kuwawekea.

— Ongeza mmoja. Na meza itoke jikoni kwako, usije ukaniomba hata chumvi. Mkeo akiuliza, mwambie ni deni la zile keki.

Keshokutwa yake walipanda kilima. Dong-pal alivaa koti jeusi la misiba, kabeba meza kichwani, mkewe nyuma na vyungu, hasemi kitu, na ukimya wa mke yule ulimtosha mtu adhabu. Kabla ya kutandika, Bi Pilipili alimwonyesha darubini kwa kidole. Dong-pal akatoa spana. Nati ilikuwa imeliwa na kutu. Alipiga, akavuta, akatukana kidogo, akaomba radhi, akavuta tena, mpaka ikalia na kuachia.

Bi Pilipili aliishika mwenyewe. Aliigeuza polepole, kutoka mlango wa mto hadi pale vilima vinapoishia, akairudisha. Mashamba yaliyovunwa. Mtaro. Nyumba zilizopangwa safu, zote za kimo kimoja, zilizojengwa baada ya vita na watu asiowajua. Mashamba. Kilima kama bakuli lililofunikwa. Pembeni kilima kingine kama bakuli lililofunikwa. Alikuwa mdogo alipoondoka. Alikumbuka kizingiti cha jikoni na harufu ya maji ya mchele, na vitu hivyo darubini haionyeshi. Alimpisha Wembe. Wembe naye alitazama, kisha akavua kofia na kuivaa tena, basi.

— Tuielekeze wapi meza, dada? — Dong-pal aliuliza.

— Popote mbele. Mwenye njaa atafuata harufu.

Wakatandika: wali mweupe na kijiko kimesimikwa katikati, samaki mkavu, matunda ya persimoni, njugu za porini, pombe ya mchele. Basi la watalii lilikuwa limefika. Wale waliokuja kuona mpaka wakaacha kuuangalia mpaka, wakainua simu zao kumpiga picha mzee mwenye koti jeusi. Jemadari aliwaambia washushe simu, na kwa mara moja katika maisha yake sauti ya kijeshi ikamtoka kweli.

Dong-pal alimimina pombe kwa mikono miwili, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye nyasi zenye umande, akataka kuinuka.

— Bado, — Bi Pilipili alisema. — Mwambie.

— Nimwambie nini?

— Mwambie aliyekichelewesha chakula chake ni nani.

Hiyo ndiyo gharama aliyolipa, na analipa hadi leo. Msimwone anatembea kama bata kila tisa ya mwezi wa tisa mkadhani ni uzee. Anapanda na meza iliyopikwa nyumbani kwake, ya mama asiyemjua sura wala jina, mama wa watu wengine, na haruhusiwi kuinua kichwa kwenye nyasi mpaka atamke, mbele ya mkewe, mbele ya Wembe, mbele ya watalii wowote watakaokuwapo:

— Mama, nimechelewa. Chakula chako nilikula mimi.

Na Bi Pilipili husimama nyuma yake, mikono mgongoni, akitazama ng'ambo.

— Sema kwa nguvu, — humwambia. — Maji ni mapana.